Nitafutie Pazuri

Twalibu aliniletea kijisanduku, ukubwa wa pakiti ya sigara,
amekiviringisha ndani ya soksi ya mtoto,
akakiweka juu ya boneti ya Probox yake
hapa Bondeni, saa nne, jua limeshaanza kudai haki yake.
"Fundi Mwadime, hichi chanusa rada. Nitafutie pazuri."

Pazuri.
Miaka kumi na tisa nayashonea magari mishipa ya nyaya,
najua taa inataka nini, najua honi inataka nini,
lakini kitu kinachoogopa kwa niaba ya mtu
sijawahi kukiuliza kinapenda kukaa wapi.

Nikaanza juu, nyuma ya kioo cha kati.
Huko kinaona mbali, sikatai,
ila pana utepe wa tinti ya fedha
aliouweka mwenye gari wa kwanza, huko Japani,
na chembe za chuma ndani yake hupofusha mawimbi.
Tena hapo pananing'inia tasbihi ya marehemu babake,
punje thelathini na tatu zinazogonga kioo kila tuta.
"Tuitoe?"
Akaitazama tasbihi, akakitazama kijisanduku.
"Jaribu kwengine."

Dashibodi, basi.
Nikabandika vile vikombe vya mpira, tukaenda kunywa kahawa,
kikombe kimoja tu, na kashata.
Tuliporudi kilikuwa chini kwenye zulia,
kifudifudi, kama mtoto aliyesusa chakula.
Jua la Mombasa halina adabu na plastiki.

Nyuma ya grili?
Nilipitisha kidole hapo, nikamwonyesha kutu.
Chumvi ya hapa haichagui, hula hata mlango wa benki.
Kizuia jua?
Zulekha mkewe hujitia wanja kwenye kijioo kile,
na Twalibu anamwogopa Zulekha
kuliko kamera zote za barabara ya Mariakani.

Mwisho nilikata kipande cha sufuria kuukuu,
nikakikunja kiwe kiti,
nikakikalisha chini ya kioo, katikati,
sawasawa, kisiinamie wala kisibetue pua,
mbele yake pasipite mkono wa waipa,
na kando ya mfuko wa hewa, usije siku moja
ukamrushia mtu uoga wake usoni.
Waya nikauficha chini ya mpira wa mlango.
Kazi safi. Hata mimi niliipenda.

Tukavuka daraja la Nyali kukijaribu.
Kikalia! Twalibu akakanyaga breki, nyuma wakatutukana.
Hapakuwa na askari.
Palikuwa na supamaketi yenye milango ya kujifungua,
na tukampunguzia mwendo kila aliyeingia kununua maziwa.

Bamburi, nyuma ya meza ya muuza makaa,
chini ya mwarobaini,
alisimama askari wa kike na bunduki yake ya mwanga.
Kijisanduku kimya. Kimya kama shahidi aliyelipwa.
Akapunga mkono.
"Sabini na nane, penye hamsini."
Kisha akachungulia ndani. "Na hiki?"
"Saa," akasema Twalibu.
"Saa ngapi?"

Nimewahi kusikia ukimya mwingi garini,
wa injini iliyokufa, wa mume na mke.
Ule ulikuwa na muuza makaa ndani yake,
ameacha kupima debe ili asikie jibu.

Alasiri akarudi. "Kitoe."
Nikakitoa. Kioo kilibaki na madoa mawili ya duara
pale nilipojaribu vile vikombe mara ya kwanza,
na nilipochukua kitambaa kuyafuta
akanishika mkono: "Yaache."
Anasema akiyaona hupunguza mwendo.
Sijui. Sijapanda naye tena.

Kijisanduku kiko kwangu, kwenye rafu ya fyuzi.
Kila nikikichomeka hulia,
na sijui kimemwona nani.
Twalibu alinilipa nusu.
Nusu ya pili, asema, nikaidai Bamburi.